Migodi kwanza: mwongozo kamili wa kuchimba rasilimali na kupandisha majengo katika OGame

OGame ni mchezo wa mkakati wa anga za juu unaochezwa kwenye kivinjari tangu 2002. Unapewa sayari moja, metali 500 na kristali 500, basi. Hakuna hadithi ya kufuata. Kuna migodi, kuna mitambo, na kuna saa inayokwenda hata ukiwa umelala. Wachezaji wengi wapya huvutiwa na meli za kivita, hukimbilia karakana, na baada ya wiki mbili hushangaa kuona jirani aliyeanza siku moja nao amewaacha mbali. Jirani huyo hana siri kubwa. Kabla ya kubofya kitufe cha kupandisha jengo hujiuliza: hili litajilipa baada ya saa ngapi?

Swali hilo ndilo nitakalolirudia hapa mpaka mwisho. Tarakimu zote ni za ulimwengu (yaani seva ya mchezo) wenye kasi ya 1, bila maafisa wa kulipia na bila nyongeza yoyote. Ukicheza kwenye kasi ya 4, migodi yako huzalisha mara nne na gharama za majengo hubaki zilezile, kwa hiyo gawanya saa zangu kwa 4.

Rasilimali ni tatu: metali, kristali na deuteriamu. Metali huingia karibu kila kitu, kristali hubana zaidi kadiri utafiti unavyopanda, na deuteriamu ndiyo mafuta ya meli. Nishati ni ya nne, lakini hiyo haiwekwi ghalani. Unayo au huna.

Saa za mwanzo

Sayari yako huingiza metali 30 na kristali 15 kwa saa hata kabla hujajenga chochote. Ni kidogo mno, kwa hiyo zile 500 ulizopewa lazima zitumike kwa mpangilio. Fuata huu:

Mtambo wa jua leveli 1 (metali 75, kristali 30).
Mgodi wa metali leveli 1 (60 na 15).
Mgodi wa metali leveli 2 (90 na 22).
Mtambo wa jua leveli 2 (112 na 45).
Mgodi wa metali leveli 3 (135 na 33).

Jumla ni metali 472 na kristali 145. Unabakiwa na metali 28 na kristali 355, na mgodi wako tayari unatoa metali 119 kwa saa juu ya zile 30 za bure. Mwenye macho makali ataniuliza kwa nini mgodi wa leveli 2 unatangulia mtambo wa jua wa leveli 2, wakati nishati haitoshi. Ni kweli haitoshi: mtambo wa kwanza hutoa nishati 22, na mgodi wa leveli 2 unataka 25. Lakini mgodi unaofanya kazi kwa asilimia 88 hutoa metali 63 kwa saa, na ule wa leveli 1 ulioshiba hutoa 33 tu. Upungufu mdogo wa muda mfupi unavumilika. Ni ule mkubwa unaoachwa siku nzima ndio unaokula uchumi.

Kutoka hapo endelea: mtambo wa jua leveli 3, mgodi wa metali leveli 4, kisha mgodi wa kristali leveli 1. Usiwe na haraka na kristali, bado una akiba ya zile 355. Mgodi wa metali ukifika leveli 5 hivi na ule wa kristali leveli 3, jenga mtambo wa deuteriamu, kwa sababu kiwanda cha roboti, kile kinachoharakisha ujenzi, kitadai deuteriamu 200 na huna hata tone.

Nishati isipotosha, hupungukiwa wote

Hili nalikazia kwa sababu nimeona akaunti nyingi zikidumaa kwa ajili yake. Nishati ikipungua, mchezo hauzimi mgodi mmoja na kuacha mingine. Hupunguza yote kwa uwiano mmoja.

Chukua sayari yenye mgodi wa metali leveli 10, wa kristali leveli 8 na mtambo wa deuteriamu leveli 5. Mahitaji yake ni 260, 172 na 162, jumla 594. Sasa mtambo wa jua uko leveli 9, unatoa 424. Kila mgodi unafanya kazi kwa asilimia 71. Metali ambayo ingekuwa 778 kwa saa inakuwa 555, kristali inashuka kutoka 342 hadi 244, na deuteriamu kutoka 103 hadi 73.

Dawa ya kudumu ni kupandisha mtambo wa jua. Dawa ya leo usiku, wakati metali ya kuupandisha haijatimia, iko kwenye ukurasa wa mipangilio ya rasilimali, pale unapoweza kuamuru kila mgodi ufanye kazi kwa asilimia ngapi. Weka deuteriamu kwenye sifuri. Mahitaji yanashuka hadi 432, migodi miwili iliyobaki inarudi kwenye asilimia 98, metali inapanda hadi 763 na kristali hadi 336. Umepoteza deuteriamu 73 kwa saa, umepata metali 208 na kristali 92. Kwa bei ya kubadilishana ambayo wachezaji wengi huitumia, metali 3 kwa kristali 2 kwa deuteriamu 1, umepoteza thamani ya metali 219 na kupata ya 346. Mtambo wa deuteriamu hula nishati mara mbili ya mgodi mwingine wa leveli ileile, ndiyo maana huwa wa kwanza kufungiwa.

Je, uendelee kupandisha mtambo wa jua milele? Hapana. Setilaiti moja ya jua hugharimu kristali 2,000 na deuteriamu 500, na kwenye sayari yenye joto la juu la nyuzi 40 hutoa nishati 30. Ukigeuza yote kuwa metali, kila nukta ya nishati inakugharimu metali 150. Mtambo wa jua ukipanda kutoka leveli 10 hadi 11, kila nukta hugharimu metali 63 hivi, kwa hiyo mtambo unashinda waziwazi. Kwenda leveli 14 ni metali 141 kwa nukta, bado unashinda kwa pua. Kwenda leveli 15 ni 184, na hapo setilaiti zimechukua nafasi. Leveli ya 21 ingekugharimu zaidi ya 950 kwa nukta ileile.

Ila setilaiti ni vyombo vinavyoelea juu ya sayari, na mvamizi anaweza kuvilipua. Ukiwa nazo nyingi bila ulinzi, umejiandikia mwaliko. Kwenye sayari za mbali na jua, zenye baridi, setilaiti hutoa kidogo zaidi, kwa hiyo mpaka wa leveli 14 unasogea juu. Mtambo wa fyusheni upo pia, lakini unakunywa deuteriamu yako kila saa. Uache mpaka teknolojia ya nishati iwe imepanda vya kutosha.

Hesabu ya kujilipa

Hapa ndipo kitovu cha mwongozo huu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe ni fupi. Andika gharama ya leveli inayofuata, geuza kristali kuwa metali kwa kuzidisha mara 1.5 (na deuteriamu mara 3), ongeza gharama ya nishati mpya, kisha gawanya kwa ongezeko la uzalishaji. Jibu ni saa.

Kwa wanaotaka kanuni: mgodi wa metali huzalisha 30 × leveli × 1.1 iliyopandishwa kwa kipeo cha leveli. Wa kristali ni hivyohivyo, ila unaanza na 20 badala ya 30. Bei ya mgodi wa metali huongezeka mara 1.5 kila leveli, ya kristali mara 1.6. Tofauti hiyo ya 0.1 inaonekana ndogo, na ndiyo inayoamua kila kitu baadaye.

Tuseme mgodi wa metali uko leveli 10 na unataka 11. Gharama ni metali 3,459 na kristali 864, sawa na metali 4,755. Utahitaji nishati 54 zaidi. Kwa bei ya mtambo wa jua wa leveli 11, hiyo ni kama metali 3,430. Jumla ya kweli ni takriban 8,180. Uzalishaji unapanda kutoka 778 hadi 941, ongezeko la 163. Gawanya: saa 50.

Tazama jinsi nishati ilivyobadilisha picha. Aliyeiacha nje ya hesabu angepata saa 29 na kujiona tajiri.

Sasa kristali. Watu wengi hupandisha migodi miwili sambamba, 10 na 10, 11 na 11, kwa kupenda usawa. Kristali ya leveli 11 hugharimu metali 5,277 na kristali 2,638, sawa na metali 9,234 kabla ya nishati, na ongezeko lake ni kristali 109, yaani thamani ya metali 163. Ongezeko ni lilelile la mgodi wa metali, kwa bei inayokaribia mara mbili! Shuka hadi kristali leveli 9: ukiijumlisha na nishati ni kama metali 6,200, ongezeko ni thamani ya 122, na inajilipa kwa saa 51. Kwa hiyo mwenza halali wa metali 11 ni kristali 9, wala si 11.

Deuteriamu kwenye sayari ya nyuzi 40: leveli 6 ni kama metali 5,800 pamoja na nishati, inaongeza deuteriamu 33, inajilipa kwa saa 58 hivi. Basi umepata umbo la sayari iliyopangika: metali 11, kristali 9, deuteriamu 6. Mahitaji yake ya nishati ni 740, na mtambo wa jua leveli 12 unatoa 753. Imeingia kama mkono kwenye glavu.

Pengo hilo la leveli mbili halibaki mbili. Ile tofauti ya 1.5 na 1.6 inazidi kulipanua, na ukifika metali 21, mwenzake kwa kipimo cha kujilipa (bila nishati) ni kristali 17. Mchezaji anayeng'ang'ania 21 na 21 anazika mali. Lipo jambo moja la kukuruhusu uvunje kanuni hii: kama utafiti unaouhitaji unadai kristali nyingi na huna wa kubadilishana naye, pandisha kristali leveli moja mbele na usijilaumu. Bei ya kubadilishana ina maana tu pale ambapo kweli unaweza kubadilishana.

Lini ujenge roboti

Kiwanda cha roboti hakichimbi hata punje moja, kwa hiyo hesabu ya kujilipa haikihusu moja kwa moja. Kinachokihusu ni muda. Muda wa kujenga, kwa saa, ni metali na kristali za jengo zikijumlishwa, kisha kugawanywa kwa 2,500, kisha kugawanywa tena kwa leveli ya roboti uliyoongezea 1. Deuteriamu haihesabiwi, na majengo ya leveli za chini kabisa hupunguziwa muda.

Mgodi wa metali leveli 21 unataka metali 199,515 na kristali 49,878. Bila roboti ni saa 99 na dakika 45. Ukiwa na roboti leveli 5 ni saa 16 na nusu. Leveli 10, saa 9. Kiwanda cha nanaiti leveli 1 hukata nusu tena, saa 4 na nusu.

Mgodi wa leveli 20 hukusanya metali hiyo ya kupandia kwa saa 49. Maana yake, bila roboti, mali ingekuwa tayari wakati mafundi bado wako katikati ya kazi iliyotangulia. Hiyo ndiyo dalili ya kutafuta: kama muda wa kujenga unazidi muda wa kukusanya, pandisha roboti; kama unasubiri mali na mafundi wamekaa bure, roboti waache. Kumbuka kila sayari hujenga jengo moja tu kwa wakati mmoja.

Leveli 2 za kwanza zijenge mapema hata hivyo, kwa sababu karakana ya meli haifunguki bila hizo. Kutoka 1 hadi 5 jumla ni metali 12,400, kristali 3,720 na deuteriamu 6,200, na hiyo ni bei nzuri. Kuanzia hapo bei hujirudufu kila leveli, na leveli ya 10 peke yake ni metali 204,800. Nanaiti inataka roboti leveli 10, teknolojia ya kompyuta leveli 10, na metali milioni 1 pamoja na kristali 500,000. Usiiote kabla migodi yako haijafika mahali ambapo jengo moja linakaa siku nzima hata ukiwa na roboti kumi.

Maghala

Ghala likijaa, mgodi husimama. Ghala la kila rasilimali huanza na nafasi ya 10,000. Leveli 1 ni 20,000, leveli 2 ni 40,000, leveli 3 ni 75,000, leveli 4 ni 140,000 na leveli 5 ni 255,000.

Ghala lazima litoshe bei ya jengo ghali zaidi unalolipangia, na pia uzalishaji wa muda wote utakaokuwa mbali. Nikiwa na mgodi wa leveli 20 niliwahi kukaa na ghala la leveli 4 nikiamini linatosha, maana 140,000 ni zaidi ya siku nzima ya uzalishaji. Niliporudi kuangalia, metali ilikuwa imegonga 140,000 na kusimama, na leveli 21 iliyodai 199,515 isingewezekana kamwe kwa ghala lile. Saa zote zile mgodi ulikuwa umelala. Ghala la leveli 5 lingenigharimu metali 16,000, chini ya uzalishaji wa saa nne.

Kwa upande mwingine, ghala kubwa kupita kiasi ni mtego. Mali iliyolala haizai, na inavuta macho ya majirani.

Sayari ya pili

Rudi kwenye mgodi wa metali leveli 21. Ukichukua nishati yake kwa setilaiti saba, gharama yote ni kama metali 305,000, na ongezeko ni 626 kwa saa. Unajilipa baada ya siku 20.

Linganisha na koloni, yaani sayari mpya unayoiongeza kwenye milki yako. Utafiti wa astrofizikia leveli 1 ni metali 4,000, kristali 8,000 na deuteriamu 4,000. Meli ya koloni ni 10,000, 20,000 na 10,000. Vyote pamoja, kwa thamani ya metali, ni 98,000. Kwenye sayari mpya, mgodi wa metali kutoka 0 hadi 11 hugharimu thamani ya 14,000 hivi bila nishati, na hutoa 941 kwa saa. Koloni na mgodi wake vimekuja kwa kama theluthi ya bei ya ile leveli moja, na vinatoa zaidi, kabla hujagusa kristali wala deuteriamu yake. Ndiyo maana huwaambia wanaoanza: mgodi wa metali ukikaribia leveli 15, elekeza nguvu kwenye astrofizikia. Itadai kwanza teknolojia ya ujasusi leveli 4 na injini ya msukumo leveli 3, kwa hiyo anza maabara mapema. Baada ya hapo, kila leveli mbili za astrofizikia hufungua sayari nyingine: leveli 3, 5, 7 na kuendelea.

Nafasi kwenye mfumo wa jua ni 15. Karibu na jua kuna joto, setilaiti hufurahi, na katika matoleo ya sasa nafasi ya 1 hadi ya 3 hupata nyongeza ya kristali. Nafasi ya 8 hupata nyongeza ya metali, na sayari za katikati kwa kawaida huwa kubwa. Mbali kabisa ni baridi na deuteriamu: mtambo wa leveli 10 unaotoa 332 kwa saa kwenye nyuzi 40 hutoa 435 kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Angalia pia idadi ya viwanja, kwa kuwa kila leveli ya jengo lolote hula kiwanja kimoja. Sayari yako ya kwanza ina viwanja 163. Koloni ikitokea na viwanja 80 tu, iache na utume meli nyingine; hasara ya leo ni ndogo kuliko kubanwa miezi ijayo.

Ukishakuwa na sayari nne au tano, teknolojia ya plazima inaanza kuwa na maana. Kila leveli huongeza asilimia 1 ya metali, 0.66 ya kristali na 0.33 ya deuteriamu kwenye sayari zote kwa pamoja, hivyo ipime kwa jumla ya migodi yako yote na siyo kwa sayari moja.

Kabla ya kulala

Mvamizi wa kawaida akishinda hubeba hadi nusu ya mali aliyoikuta. Mali iliyogeuzwa kuwa jengo haibebeki, na iliyo ndani ya meli zinazosafiri haionekani ghalani.

Kila usiku pita sayari moja baada ya nyingine. Anzisha jengo refu zaidi unaloweza kulilipia, lile la saa sita au nane, na yale ya dakika ishirini yaachie mchana. Angalia nishati isiwe nyekundu baada ya jengo hilo kuisha, maana mgodi mpya ukikamilika saa nane usiku utaanza kula nishati ambayo hukuiandaa. Mali inayobaki ipakie kwenye meli za mizigo. Meli kubwa hubeba 25,000 na hugharimu metali 6,000 na kristali 6,000. Ndogo hubeba 5,000 kwa 2,000 na 2,000, hivyo kwa mzigo uleule kubwa ni nafuu zaidi. Zitume kwa mwendo wa polepole kwenye sayari yako nyingine, zipangie kurudi saa unayoamka, na hakikisha deuteriamu ya safari imetosha kabla hujafunga kivinjari.